Ala Inayoyajua Maneno: Mwimbaji na Mpuliza Mdomo wa Bata



Gari la wazi lililobeba kikundi cha matarumbeta linapotangulia msafara wa harusi kwenye barabara ya Moshi na Arusha, kisha likakata kona hapa Kwa Sadala kupanda Masama, ndani yake hakuna anayeimba. Mashavu yamejaa pumzi, midomo imebanwa kwenye shaba, ngoma inadunda nyuma. Hata hivyo, kando ya barabara maneno yanasikika. Mama aliyeinamia fungu lake la ndizi anayatamka polepole, kondakta anayaimba nusu, mtoto anayadaka kutoka kwa mkubwa wake. Wimbo ni wa kitabuni, umezoeleka tangu utotoni, na tarumbeta zimeupiga kiasi kwamba beti zake hazihitaji kusomwa. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Kanisa la Kilutheri lililokua kutokana na kazi ile lilizilea tarumbeta hadi zikawa sehemu ya ibada, ya arusi na ya msiba katika mlima huu. Watu wa hapa wamekuwa, kizazi baada ya kizazi, wakisikia maneno katika chombo kisicho na ulimi. Nawaomba tuanzie hapo, kwa sababu mazoea hayo ya masikio ndiyo yatakayotufikisha kwenye jambo nililokuja kulizungumza, yaani albamu ya jazi inayomkutanisha mwimbaji mmoja na mpiga saksofoni mmoja.

Albamu ya namna hiyo tunaweza kuipima kwa mambo mengi. Wapo wanaotazama uzuri wa koo la mwimbaji, na wapo wanaohesabu wepesi wa vidole vya mpigaji. Mimi nasema kipimo kikuu ni kimoja: je, ala inayajua maneno? Ikiwa inayajua, wawili hao wamefanya kitu ambacho hakuna kati yao ambaye angekiweza peke yake. Ikiwa haiyajui, tumeuziwa kazi mbili katika jalada moja. Na nikikishika kipimo hicho, naona kwamba lugha ya Kiswahili pamoja na muziki wetu wa dansi vimekwisha kuandaa karibu kila kinachohitajika kwa albamu kama hiyo hapa Tanzania. Kilichokosekana ni desturi ya kuwapa watu wawili nafasi ya kukaa mbele, majina yao yakaandikwa pamoja, na wengine wote wakapunguza sauti.

Mfano ulio wazi zaidi duniani ulirekodiwa tarehe 7 Machi 1963, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, Marekani. Mpiga saksofoni alikuwa John Coltrane, mwimbaji alikuwa Johnny Hartman. Nyuma yao walikuwa watatu tu: McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, na Elvin Jones kwenye dramu. Nyimbo ni sita, na zote kwa pamoja zinachukua takriban nusu saa. Coltrane alikuwa kiongozi wa kazi nyingi kabla na baada ya siku ile, lakini albamu ya kumshirikisha mwimbaji aliitoa hiyo moja. Naomba idadi ya watu watano na muda wa nusu saa mvihifadhi kichwani, kwa maana nitavirudia tutakapofika kwenye suala la gharama.

Sikilizeni jinsi kazi ilivyogawanywa. Katika wimbo uitwao My One and Only Love, Hartman hafungui kinywa mwanzoni. Coltrane anaupiga ubeti wote na kiitikio chake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa zaidi ya dakika mbili, pasipo kuuvunja wala kuupamba kupita kiasi. Mwimbaji anaingia baadaye, akakuta wimbo umekwisha kusemwa. Katika hali ya kawaida ya muziki wa kuimba huo ni mpango wa hatari. Mwimbaji ndiye mwenye habari. Ala hungoja nyuma, ikapewa nafasi katikati wakati yeye anapumzika. Hapa mambo yamegeuka, na Hartman anapoanza kuimba hasikiki kama mtu aliyechelewa. Anasikika kama mtu anayekubaliana na mwenzake. Hilo liliwezekana kwa sababu Coltrane alipiga kana kwamba anatamka: palipo na nukta alipumua, neno zito alilivuta, neno jepesi alilipitia. Ukiwa unaujua wimbo, dakika zile mbili unayasikia maneno yote. Ni kile kile kinachomtokea mama wa ndizi pale barabarani.

Coltrane hakulianzisha jambo hilo. Mpiga saksofoni Lester Young, aliyeanza kurekodi pamoja na mwimbaji Billie Holiday Januari 1937 katika kundi la Teddy Wilson, alishikilia kwamba mpiga ala anapaswa kuyajua maneno ya wimbo kabla hajathubutu kuupiga. Wawili hao walipeana majina: Young akamwita Holiday Lady Day, naye akamwita Prez. Katika rekodi zao saksofoni haikai kimya kungoja zamu. Inatembea pembeni ya sauti, inamaliza sentensi ambayo Holiday ameiacha ikining'inia, inarudi nyuma akitaka kusema jambo lenye uchungu. Waliagana na dunia katika mwaka mmoja, 1959, Young Machi na Holiday Julai. Urafiki wa namna ile haufundishwi darasani, lakini nidhamu iliyo chini yake inafundishika: jifunze maneno kwanza.

Kwa nini saksofoni na si gitaa, au piano? Sababu moja ni ya kimaumbile. Chombo hiki, alichokisajili Adolphe Sax, Mbelgiji aliyefanya kazi Paris, mwaka 1846, kina mwili wa shaba lakini sauti yake inaanzia kwenye kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni. Ndiyo maana wataalamu hukiweka kwenye jamii ya filimbi na zumari, japokuwa kinang'aa kama tarumbeta. Waandishi wetu wa habari za muziki walikibatiza mdomo wa bata, na jina hilo lina ukweli wake, kwa kuwa siri yote iko mdomoni. Gitaa likishadundwa, sauti inaanza kufa papo hapo. Piano hali kadhalika. Saksofoni inaweza kuishika noti, ikainenepesha, ikaipunguza, ikaikunja kuelekea juu au chini, mradi mapafu yanaruhusu. Pumzi ikiisha, sauti inaisha, kama kwa mwimbaji. Kwa hiyo wawili wanapokutana wanashiriki kikomo kimoja, na sentensi zao zina urefu unaolingana bila mtu kupima. Ile tenor, yaani saksofoni ya ukubwa wa kati aliyoipiga Coltrane siku ile, inaanzia chini kabisa kwenye sauti ya mwanamume mzito na kupanda hadi inapofika sauti ya mwanamke. Inaweza kuwa kaka wa mwimbaji, au dada yake.

Hapa naomba tutazame lugha, kwa sababu hoja yangu inaegemea huko kuliko inavyoegemea kwenye shaba na mwanzi. Kimachame, kama Vichagga vingine, ni lugha ya toni. Neno linapandishwa na kushushwa, na ukikosea kupanda unaweza kusema kitu kingine. Lugha za toni huipa ala kazi rahisi kwa upande mmoja: ikifuata mipando na mishuko ya usemi, msikilizaji anatambua kilichokusudiwa. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, na mkazo huo, kwa maneno karibu yote, unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho inabaki nyepesi, inadondoka. Semeni moyoni neno lolote, mlima, barabara, kumbukumbu, mtaona kilele kiko kabla ya mwisho na kinachofuata ni mteremko mfupi. Kiingereza hakiko hivyo. Mistari mingi ya nyimbo za Kiingereza inaishia kwenye silabi yenye nguvu, na mwimbaji kama Hartman anaivuta silabi hiyo hadi pumzi iishe. Saksofoni inalazimika kungoja mlango ufungwe ndipo ibishe hodi. Mwimbaji wa Kiswahili anauacha mlango wazi. Kilele kimepita, silabi ya mwisho inateremka, na pale pale kwenye mteremko kuna nafasi ya mwingine kupokea bila kumkatiza mwenye neno. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya kiitikio kutulia vizuri katika nyimbo zetu. Lugha yenyewe inampisha anayejibu.

Sikio la Mswahili pia limezoezwa kwa ushairi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na katikati kuna kituo. Kituo hicho ni pumzi. Anayeghani shairi huvuta hewa pale, na aliyekaa karibu naye anajua kwamba maneno hayajaisha. Katika taarab ya Unguja, ambako klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu mwaka 1905, fidla, nai na kanuni zimekuwa zikikijaza kituo hicho kwa muda mrefu: mwimbaji anatoa nusu mshororo, ala inajibu kwa kifupi, mwimbaji anamalizia. Nai, kwa kuwa inapulizwa, inakaribia sana kazi ninayoizungumzia. Basi anayedai kwamba mazungumzo ya sauti na ala ya pumzi ni kitu kigeni kwetu atalazimika kwanza kuitoa taarab ya pwani kwenye hesabu, na sidhani kama atapata wa kumuunga mkono.

Sasa tuje kwenye dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilizaliwa katika miaka ya 1930, na baada yake zikafuata bendi mji kwa mji zilizojiita jazi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Western Jazz. Jirani zetu wa Arusha walikuwa na Arusha Jazz ya akina Kinyonga, vijana wa Tanga, ambao baadaye walihamia Kenya na kujulikana kama Simba Wanyika. Bendi hizo zilijifunza mengi kutoka santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, na baadaye kutoka Kongo. Ala za kupuliza zilikuwa na mlango wa pili wa kuingilia, nao ni majeshi. Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, na Kimulimuli ya JKT zilikuwa na watu waliofundishwa kusoma noti na kupuliza kwa kipimo. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo imekuwa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, haiwezi kufikirika bila safu ya tarumbeta na saksofoni. Vivyo hivyo Mlimani Park Orchestra, Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978.

Katika Sikinde kulikuwa na mtu ambaye kwa hoja yangu ana uzito wa pekee: Michael Enoch, aliyeitwa King, na wanamuziki wenzake wakamwita Ticha. Alianza kusikika akiwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz, ndipo baadaye akawa mpuliza saksofoni na mwalimu wa bendi nzima. Mtu aliyepitia gitaa la solo kabla ya kushika mdomo wa bata anaujua wimbo kutoka pande mbili. Na waimbaji aliofanya nao kazi pale hawakuwa wa kupaza sauti tu. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa mtunzi wa visa. Hassan Bitchuka alikuwa na sauti ya juu iliyopenya kama sindano. Cosmas Tobias Chidumule alitunga wimbo wa Neema. Nyimbo za Sikinde na za Msondo zina mwendo mnaoufahamu. Zinaanza polepole, kisa kinasimuliwa, mume kamwacha mke, mtoto kaasi wazazi, barua imekuja kutoka kijijini, na kila mwimbaji anapomaliza wazo, safu ya kupuliza inatoa jibu fupi. Halafu wimbo unageuka, mdundo unapanda, linaingia chemko, na hapo ala za kupuliza zinabadilika kazi: zinaacha kujibu, zinaanza kuita.

Jambo linalonivutia ni sehemu ile ya kwanza, ya taratibu, ambayo wengi huipita kwa haraka wakingoja chemko. Sikilizeni pale jinsi saksofoni na tarumbeta zinavyomaliza sentensi zao. Mara nyingi haziishii kwenye noti nzito. Zinaupiga mkazo, kisha zinadondosha noti moja nyepesi, kama silabi ya mwisho ya neno la Kiswahili. Wapulizaji wale walikuwa wakizungumza lugha ya waimbaji wao. Hawakuhitaji mtu kuwaambia alichosema Lester Young, kwa sababu waliyasikia maneno usiku baada ya usiku ukumbini, wakaona yupi analia na yupi anacheka. Vilevile katika Orchestra Maquis Original, iliyotokea Lubumbashi na kufika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiongozi mwenyewe, Chinyama Chianza, alikuwa mpuliza saksofoni. Bendi ilipokuwa chini ya mtu wa mdomo wa bata, ala hiyo haikuwa pambo. Na Kongo yenyewe ilikuwa na mfano mkubwa zaidi: Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, alipokutana na Manu Dibango wa Kamerun huko Brussels, alimchukua katika bendi yake ya African Jazz, na mwaka 1961 Dibango akaenda naye Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville. Mwimbaji mkuu wa Kongo alimwona mpiga saksofoni kuwa mtu wa kusimama naye bega kwa bega.

Hapo nakutana na pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mtu atasema: kama dansi imeyafanya yote hayo, albamu ya watu wawili ya nini? Bendi zetu ni kazi ya pamoja. Jina kwenye santuri lilikuwa jina la bendi, na mapato na sifa vilirudi kwenye kundi. Kumtoa mwimbaji mmoja na mpulizaji mmoja mbele ni kuvunja udugu uliojenga muziki wenyewe. Nakiri kwamba pingamizi hili lina haki ndani yake, na sitaki kulifuta kwa maneno matamu. Lakini tutazame lilivyokuwa katika utendaji. Jina la bendi liliwaficha wapulizaji kuliko lilivyowaficha waimbaji. Gurumo alijulikana nchi nzima, Bitchuka akajulikana, Marijani Rajabu, Hemed Maneti, Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Ukiwauliza wapenzi wa dansi wataje waimbaji kumi hawatachelewa. Waambie wataje wapuliza saksofoni watano, wengi watakwama kwenye wa pili. Udugu ulikuwepo, lakini haukugawanya kumbukumbu sawasawa. Albamu ya majina mawili ingempa mpulizaji haki ambayo kundi halikuweza kumpa, na wala isingemzuia kurudi kwenye kundi lake jioni.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaosema jazi ni ya watu wengine. Sisi, wanasema, tulichukua jina tu. Ni kweli kwamba bendi zilizojiita jazi hapa hazikupiga kile kilichopigwa New York, na sioni aibu katika hilo. Neno lilikuja, likapewa kazi mpya, kama maneno mengi ya Kiswahili. Lakini safari haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1958 Coltrane alishiriki na Wilbur Harden kurekodi kipande walichokiita Tanganyika Strut. Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York kazi aliyoipa jina la Kiswahili, Uhuru Afrika, kwa maneno ya mshairi Langston Hughes na mpangilio wa Melba Liston. Sauti inayosikika ikitamka Kiswahili mwanzoni mwa kazi ile ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Ndani yake waliimba Martha Flowers na Brock Peters, na miongoni mwa wapulizaji alikuwapo Yusef Lateef. Kwa hiyo lugha yetu ilikaa chumba kimoja na saksofoni za jazi kabla bendera yetu haijapandishwa Kibo. Wao walikitafuta Kiswahili kwa sababu waliona kina uzito unaofaa kubeba ndoto ya Waafrika waliotawanyika. Ni ajabu sisi tukiona haya kukipeleka huko wenyewe.

Pingamizi la tatu ni la wanamuziki, hasa vijana waliosoma. Wanasema ala inayofuata maneno ni ala iliyofungwa. Jazi ni uhuru wa kubuni papo hapo, na Coltrane huyo huyo ndiye aliyekwenda mbali zaidi katika uhuru huo. Mwaka 1961 waandishi wengine wa Marekani walimshutumu kwamba anaiharibu jazi. Wanaongeza kwamba albamu na Hartman, pamoja na ile ya nyimbo za taratibu na ile aliyopiga na Duke Ellington, zilikuwa njia ya kampuni ya Impulse! na mtayarishaji Bob Thiele kumlainisha mbele ya wanunuzi. Sioni sababu ya kukataa kwamba kampuni ilitaka kuuza. Kampuni zote hutaka. Ila nia ya muuzaji haiwezi kupuliza saksofoni. Siku moja tu kabla, tarehe 6 Machi, Coltrane na wenzake wale wale watatu walikuwa kwenye studio ile ile wakirekodi muziki mkali, uliokuja kutolewa mwaka 2018. Siku iliyofuata mtu yule yule aliingia na kupiga kwa upole ule. Anayeweza kwenda pande zote mbili katika siku mbili hakufungwa na upande wowote. Kujua maneno hakumnyang'anyi mpigaji uhuru. Kunampa mahali pa kuondokea, na msikilizaji anaweza kupima amekwenda umbali gani kwa kuwa anaijua nyumba aliyotoka. Pale Coltrane anapouacha wimbo katikati na kubuni yake, sisi tunamfuata bila kupotea, kwa sababu alikwisha kutuonyesha mlango.

Lipo na pingamizi la wasikilizaji wa kawaida, ambalo mimi naliheshimu kuliko yote. Wanasema Mtanzania husikiliza ujumbe. Wimbo ni kisa na mafunzo. Ala ikichukua dakika mbili kabla ya mwimbaji, watu watabadilisha stesheni. Huenda wengine watabadilisha. Lakini naona kwamba mazoea ya kusikiliza ujumbe ndiyo hasa yanayoifanya albamu ya namna hii iwezekane hapa. Msikilizaji asiyejali maneno hawezi kuyasikia katika saksofoni. Anayeyajali, akiukuta wimbo anaoufahamu ukipulizwa bila mwimbaji, atayatafuta, atayatamka, atagundua neno alilolipita miaka yote. Matarumbeta ya Masama na Machame yasingeweza kumfikisha mtu machozi msibani kama wafiwa wasingekuwa wanaijua aya. Ujumbe haupungui kwa kupulizwa. Mara nyingine unaongezeka, kwa kuwa kila mmoja anausema kwa sauti yake mwenyewe, ndani kwa ndani.

La gharama nitalijibu kwa ufupi. Bendi ya dansi ilikuwa na watu kumi, kumi na tano au zaidi. Iliwezekana wakati mashirika ya umma na vyama vilipolipa mishahara na kununua ala, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikarekodi bendi nzima kwa pamoja chumbani. Hata wakati huo kulikuwa na shida: hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, tulitegemea Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo iliziba hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Mashirika yalipoondoka, safu ya kupuliza ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa, kinanda cha umeme kikapewa kazi ya kuiga tarumbeta. Kinanda kinaweza kuiga rangi ya sauti, lakini hakina pumzi ya kuishiwa. Basi kumbukeni ile hesabu: watu watano, nusu saa. Albamu ninayoizungumzia ni ndogo kuliko bendi yoyote ya dansi. Tanzania ina mahali pa kupata watu hao. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha muziki, Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries tangu mwaka 2002, bendi za polisi na majeshi bado zinapuliza, na makanisa ya mlima huu yana vijana wenye mapafu na midomo iliyozoea kazi. Kutoka tarumbeta hadi mdomo wa bata ni safari ya kujifunza upya mdomo na vidole, siwadanganyi, lakini nidhamu ya pumzi wanayo tayari.

Mkinitaka niseme ingekuwaje, ningeanza na nyimbo sita, zote za Kiswahili, angalau nne kati ya hizo ziwe zile ambazo watu wanazijua kwa moyo kutoka hazina ya Sikinde, Msondo, Vijana Jazz au Western. Wimbo mpya haufai kwa kazi hii mwanzoni, kwa maana maneno yake hayajakaa kwa msikilizaji. Gitaa moja linatosha, lile la rizimu, pamoja na besi na tumba. Dramu sina hakika kama inahitajika. Mwimbaji asiwe mtu wa kupaza. Mpulizaji apewe maneno mwezi mzima kabla ya kupewa noti, ayaseme, ayaghani kama shairi, ajue kila kituo kiko wapi na mkazo unaangukia silabi ipi, halafu ndipo ashike ala. Chemko lisiwepo, au lije mara moja tu, mwishoni mwa wimbo wa sita, watu wakiwa wamekwisha kulisubiri. Na kwenye wimbo wa kwanza mwimbaji anyamaze. Saksofoni iupige ubeti wote na kiitikio chake, bila haraka, ikidondosha kila silabi ya mwisho inavyostahili. Kisha mtu aichukue rekodi hiyo, aipige kwenye spika ya duka lolote hapa Kwa Sadala siku ya soko, asimwambie mtu ni nini, asimame kando na kutazama midomo ya wapita njia.